Kinjikitile Ngwale: Mganga aliyeitikisa Mahenge hata baada ya kunyongwa

INASIMULIWA kuwa alipopelekwa kunyongwa huko Mohoro, Agosti 4, 1905, Kinjikitile Ngwale hakuonyesha hofu. Aliwaambia Wajerumani kuwa kifo chake hakingebadili kitu, kwani dawa yake ilikwishafika Kilosa na Mahenge.

Hakukosea. Mwezi huo huo Wambunga waliangusha kituo cha askari cha Ifakara, na Agosti 30 maelfu ya Wambunga na Wapogoro walilivamia boma la Mahenge, kusini mwa bonde la Kilombero.

Kilichowafanya wakulima wa mpunga wa bondeni kumwamini mganga wa mbali, ambaye wengi wao hawakupata kumwona, hakiwezi kuelezwa kwa uganga peke yake.

Kinjikitile alikuwa mkazi wa Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji, na hakuwa chifu wala tajiri. Mwaka 1904, kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika kidimbwi cha mto na kuibuka siku iliyofuata akiwa na nguo kavu. Tangu hapo watu wa makabila mbalimbali walimiminika Ngarambe kuchukua maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, wakiamini kuwa yangegeuza risasi kuwa maji.

Waliofika kwake walikuwa na mzigo mmoja unaofanana: fedha. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya nyumba, na Machi 1905 ikaagiza kila mwanamume mtu mzima alipe rupia 3. Asiyekuwa na sarafu alilazimika kufanya kazi.

Ikumbukwe kuwa watu wa kusini hawakuwa wageni wa biashara. Wamatumbi waliuza ufuta pwani na Wangindo mpira wa porini, kwa hiari yao na baada ya kujitosheleza kwa chakula. Kilichokuwa kipya ni amri. Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, wanavijiji walisukumwa katika mashamba ya pamba yaliyosimamiwa na majumbe na maakida, nyakati zile zile walizotakiwa kuwa katika mashamba yao wenyewe. Mapato yaligawanywa mafungu matatu, na mfanyakazi aliyeshika jembe alipata moja tu. Katika wilaya ya Dar es Salaam, malipo ya mwanzo yalikuwa kiasi cha senti 35 kwa mtu, na wapo waliokataa kuyapokea.

Ndiyo maana kitendo cha kwanza cha vita, huko Nandete mwezi Julai 1905, kilikuwa kung'oa mashina ya pamba.

Bondeni Kilombero hali haikuwa moja kwa wote. Kiwanga, mtawala wa Wabena, alisimama upande wa Wajerumani, wakati majirani zake walichukua maji. Mahenge washambuliaji walikwenda wima mbele ya bunduki za rashasha, wakaanguka kwa mamia. Hapo ahadi ya Ngarambe ilivunjika, na lawama hiyo Kinjikitile hawezi kuvuliwa. Aliwaunganisha watu ambao hawakupata kuwa na jeshi moja, lakini aliwapeleka vitani wakiwa na kinga isiyokuwepo.

Adhabu iliyofuata ilikuwa njaa. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji na maghala, yakaharibu mazao na kuzuia watu kupanda. Serikali ya kikoloni ilikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Walioathirika zaidi walikuwa raia ambao mwaka 1902 walikuwa na akiba ghalani.

Baada ya vita von Götzen aliondoka, na mashamba ya pamba ya majumbe yakafutwa. Kodi haikufutwa. Walionusurika, wakiwa hawana mbegu, waliendelea kudaiwa rupia.