Maisha ya Mwalimu, simulizi za mzee wako

Mama au mlezi, kama hapo nyumbani Bweri una mzee aliyenyamaza siku hizi, anza na Mwalimu.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alichunga mifugo hadi 1934, alipoanza shule Mwisenge, hapahapa Musoma. Akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, na mwaka 1961 nchi ikapata uhuru akiwa kiongozi wake. Alipong'atuka urais 1985 alirudi Butiama kulima na kucheza bao. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao.

Sasa muulize mzee: siku ya msiba ule alikuwa wapi? Bao alifundishwa na nani? Kumbukumbu za ujana mara nyingi hubaki hata za jana zikipotea, na kuzisimulia hupunguza upweke. Akikosea mwaka, mwache (mimi mwenyewe hunishinda kunyamaza). Ila wengine wanakumbuka kuhamishwa vijijini, au ndugu waliokufa vita vya Kagera. Akilia, keti naye, usimlazimishe kuendelea. Huzuni ikipita wiki mbili, hali wala halali, mpeleke kituo cha afya.