Karen: Jina la Nani?

Wengi wapitao Ngong Road kuelekea magharibi mwa Nairobi huamini kwamba mtaa wa Karen ulipewa jina la mwandishi Karen Blixen. Kwetu sisi wanaisimu, jina la mahali ni hati, na kila hati sharti iulizwe iliandikwa na nani, na kwa manufaa ya nani.

Bibi huyu alizaliwa Rungsted, nchini Denmark, mwaka wa 1885. Januari 1914 aliteremka melini Mombasa, na papo hapo akafunga ndoa na Bror von Blixen-Finecke, Mswidi. Kwa fedha zilizotoka hasa kwa jamaa zake, walianzisha shamba chini ya milima ya Ngong. Lilikuwa na ekari zipatazo 6,000, kama 600 zikiwa za kahawa. Mwaka wa 1916 mali hiyo iliwekwa chini ya kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company, na mwenyekiti wake alikuwa mjomba wake, Aage Westenholz. Mjomba huyo alikuwa na binti aliyeitwa Karen vilevile, na wapo wanaoshikilia kwamba ni huyo aliyekusudiwa. Blixen mwenyewe aliamini kwamba mtaa ulikuwa wake. Kwa maoni yangu ubishi huo si mkubwa, maana kwa vyovyote vile jina lilitoka katika daftari la kampuni. Halikutoka vinywani mwa majirani.

Majirani walikuwa na jina lao: walimwita Msabu, neno lililotokana na memsahib la Wahindi. Hao walikuwa maskwota, wengi wao Wakikuyu, ambao sheria ya mwaka wa 1918 iliwalazimisha kumfanyia mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka ili waruhusiwe kulima vijishamba vyao na kulisha mifugo. Wengine walizaliwa papo hapo, na baba zao kabla yao. Basi familia za kwanza za wakulima wa Karen ni zipi?

Kahawa haikumpenda Msabu. Shamba lilikuwa juu mno kwa zao hilo, mvua zilikosekana, na mwaka wa 1923 kiwanda kikateketea. Ndoa ilivunjika mwaka wa 1925, naye tangu 1921 alikuwa ameshaachiwa usimamizi peke yake. Mwaka wa 1931 kampuni iliuza ardhi kwa mfanyabiashara wa viwanja wa Nairobi, aliyeikata vipande vya kujengea nyumba. Mei mwaka huohuo rafiki yake, Denys Finch Hatton, alikufa katika ajali ya ndege huko Voi.

Katika miezi hiyo ya majonzi alifanya jambo ambalo mimi nalithamini kuliko vitabu vyake vyote. Maskwota walitakiwa kutawanywa, naye akabisha mlango mmoja baada ya mwingine serikalini mpaka wakakubaliwa kuhamia pamoja, katika sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Kisha akarudi kwao, akaandika, na kufariki mwaka wa 1962. Nyumba yake ni makumbusho tangu 1986.

Tazama sasa ramani. Mto ambao Wamaasai waliuita Empakasi ukawa Mbagathi katika ulimi wa Mkikuyu: p ikageuka b, k ikawa g, s ikawa th. Jina hilo lilisagwa na vinywa vya watu walioishi kando ya maji yale. Jina la Karen lilifika kwa mhuri tu, lakini ndilo lililoenea kila kibao. Hata nyumba ya Msabu, Mbogani, ina barabara yake, Bogani Road. Familia zilizohamishiwa Dagoretti hazina hata kichochoro katika mtaa huo.

Waliohama wakiwa watu wazima wamekwisha kufa, ila wajukuu wapo. Kamati inayohusika na majina ya barabara za Nairobi iwatafute wajukuu hao, iandike majina ya mbari zao, na barabara itakayofunguliwa Karen baada ya hapo ipewe mojawapo.