JE, UNABII WA KINJEKETILE ULITIMIA?

Kijana, umewahi kumsikia Kinjeketile Ngwale? Mwaka 1904, kule Ngarambe, upande wa Rufiji, habari zilienea kwamba mtu huyu alizama mtoni, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Basi watu wakamiminika! Akawapa maji ya dawa, akawaahidi kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Nao, kwa kuwa wamechoshwa na kulimishwa pamba kwa viboko, wakaamini.

Julai 1905 wakang'oa pamba kule Umatumbi. Tarehe 4 Agosti nabii akanyongwa Mohoro. Tarehe 30 Agosti wafuasi wakalivamia boma la Mahenge. Bunduki za mtombo zikawafyeka mamia. Hadi vita kwisha 1907, kwa risasi na njaa, walikufa watu wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000.

Wapo wanaosema unabii ulitimia: makabila yaliungana, uhuru ukaja 1961. Lakini ndugu yangu, vijana wale hawakuahidiwa mwaka 1961. Waliahidiwa kwamba risasi haitawadhuru!

Na wewe je? Ukiletewa ahadi leo, unaipima mapema, au unangoja risasi ikupimie?