Tommy Handley: Mchekeshaji aliyeliwaza taifa vitani

MABOMU ya Ujerumani yalipokuwa yakiiangukia miji ya Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mamilioni ya raia waliketi kando ya redio kila wiki kumsubiri mtu mmoja awachekeshe.

Tommy Handley alizaliwa jijini Liverpool mnamo 1892. Katika vita vya kwanza alitumikia kikosi cha anga cha jeshi la wanamaji, na amani iliporejea akaingia katika kumbi za burudani. Huko alivuma kwa The Disorderly Room, mchezo uliokejeli mashtaka ya kijeshi kwa nyimbo zilizopendwa, alioigiza kwa miaka mingi.

Redio ilipoanza miaka ya 1920, wasanii wengi wa jukwaani waliihofia. Mzaha uliomlisha mtu miaka kumi ukumbini ungechuja mara tu taifa zima lingeusikia usiku mmoja. Handley hakuogopa, kwa kuwa silaha yake ilikuwa ulimi mwepesi.

Mnamo Julai 1939 BBC ilianzisha kipindi cha It's That Man Again, maarufu kama ITMA. Jina hilo lilitokana na kichwa cha habari cha gazeti kilichomhusu Adolf Hitler.

Mwandishi wake, Ted Kavanagh, mzaliwa wa New Zealand, alitunga mzaha mpya kila wiki kutokana na habari za wakati huo. Handley aliigiza waziri ambaye kazi yake ilikuwa kuwaudhi wananchi. Jack Train aliigiza jasusi wa Kijerumani, Funf, kwa kuzungumzia ndani ya bilauri.

Ingawa matangazo yote yalikaguliwa, raia waliruhusiwa kuicheka serikali yao katikati ya vita. Mnamo 1942 kipindi hicho kiliigizwa katika Kasri ya Windsor, mbele ya familia ya kifalme.

Handley alifariki ghafla Januari 9, 1949, kwa kuvuja damu ubongoni. Maelfu walijipanga barabarani kumuaga, na ibada ya kumbukumbu ikaandaliwa katika Kanisa Kuu la St Paul's, London, heshima adimu kwa mchekeshaji.

BBC haikutafuta mrithi. ITMA ilizikwa pamoja naye.

Mingi ya mizaha yake haieleweki leo bila ufafanuzi, kwani ilifungamana na habari za wiki ile. Lakini walioisikia gizani, madirisha yakiwa yamezibwa, hawakuhitaji kufafanuliwa.