Kabla ya Simba wa Vita, Kawawa alikuwa Muhogo Mchungu

Shabiki anayeingia Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa kuwaangalia Namungo anajua fika jina la uwanja ni la nani. Ni la Kassim Majaliwa, mtoto wa nyumbani aliyefika hadi uwaziri mkuu. Wasichokijua vijana wengi ni kwamba kusini ilishalea Waziri Mkuu mwingine, miaka mingi kabla Namungo hawajapanda Ligi Kuu mwaka 2019. Na huyo, kabla ya siasa, alikuwa staa wa sinema.

Ni Rashidi Mfaume Kawawa. Kwa mashabiki wa Dar es Salaam jina hilo ni barabara tu, ile ya foleni kutoka Ilala kwenda Morocco. Kwa wazee ni Simba wa Vita, na simba huyo wala hakuwa na uhusiano na wale wa Msimbazi.

Kawawa alizaliwa Mei 27, 1926, Matimira, Songea, baba yake akiwa mwindaji wa tembo. Darasa alianzia Liwale, jirani kabisa na Nachingwea. Kutoka huko akaenda kusoma Dar es Salaam, halafu Tabora, kwenye shule iliyotoa vigogo kibao wa nchi hii.

Wakati yuko masomoni, huku Nachingwea kulikuwa hakukaliki. Waingereza walikuwa wameanzisha mradi wao mkubwa wa karanga. Matrekta yanang'oa misitu, reli inajengwa kutoka pwani, watu wanaacha majembe yao na kufuata mshahara. Mwaka 1951 mradi ukafa, lakini kizazi kizima kilikuwa kimeshaonja maisha ya kufuata hela ugenini.

Kawawa naye akaajiriwa serikalini, kwanza ukarani, kisha kwenye idara ya maendeleo ya jamii. Huko ndiko alikokutana na sinema. Serikali ya Tanganyika ilikuwa inashirikiana na kampuni moja ya Johannesburg kutengeneza filamu za Kiswahili. Kijana yule wa Liwale, mchangamfu na mwenye maneno, akawekwa mbele ya kamera.

Mwaka 1952 akacheza kama mhusika mkuu kwenye Muhogo Mchungu. Wengi leo wakisikia jina hilo wanamkumbuka mchekeshaji wa kwenye runinga, lakini wa kwanza alikuwa Kawawa. Filamu ilimhusu mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam kichwakichwa na kukutana na vituko vya mjini. Watazamaji waliozoea kuwaona Wamarekani na Wahindi sasa wakamwona mtu wa kwao, anaongea lugha yao, anafanya makosa yao. Mtu wa Nachingwea aliyewahi kurudi kijijini mifuko mitupu asingehitaji kuelezwa hadithi ile.

Angeweza kubaki kwenye sinema. Hakubaki. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vilipoungana kuunda shirikisho la TFL, akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata akaacha kazi ya serikali. Watumishi wa serikali hawakuruhusiwa kujiunga na TANU, kwa hiyo kuacha mshahara ndiko kulikomfungulia mlango wa siasa.

Mechi yake kubwa ilikuja Januari 22, 1962. Uhuru haujatimiza hata miezi miwili, Mwalimu Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama. Aliyekabidhiwa timu ni Kawawa, akiwa na miaka 35. Katika nchi nyingi za Afrika, aliyeshika usukani kwa staili hiyo hakuuachia tena. Kawawa aliongoza hadi Desemba 9, 1962, Nyerere akawa Rais, yeye akasogea kuwa Makamu. Hakukuwa na mgomo wala kikosi cha pembeni. Alivaa kitambaa cha unahodha na alipotakiwa kukirudisha akakirudisha.

Hata hivyo, hakuwa malaika. Katika miezi hiyo hiyo ya 1962, serikali yake ilipitisha sheria iliyowabana wafanyakazi wasigome. Wenzake wa zamani wa TFL walimwona amewapiga chenga mchana kweupe. Baadaye ikaja miaka ya vijiji vya ujamaa, yeye akiwa Waziri Mkuu tena tangu 1972, na wapo wazee waliohamishwa kwa nguvu ambao hawajasahau. Utii uliomfanya arudishe kiti ndio huo huo uliomfanya atekeleze amri bila kuangalia nyuma.

Nachingwea ya miaka hiyo ilikuwa na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, hadi Msumbiji ilipojitawala Juni 25, 1975. Mwaka 1977 Kawawa akampisha Edward Sokoine kwenye uwaziri mkuu na kushuka kuwa Waziri wa Ulinzi. Mwingine angenuna. Yeye alikuwa kwenye wizara hiyo wakati Tanzania inapigana na Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Baadaye akapelekwa kwenye chama na kuwa Katibu Mkuu wa CCM.

Alifariki Desemba 31, 2009, Dar es Salaam, akiwa na miaka 83, na kuzikwa nyumbani kwake Madale.

Kila timu inahitaji mchezaji wa namna yake: anayepewa namba yoyote akaicheza, akiwekwa benchi hasusi, akiitwa anaingia. Wachezaji hao huwa hawaimbwi sana jukwaani. Ila kocha anawajua, na siku wasipokuwepo, timu nzima inajua.