Profesa Perold: Mbegu nne zilizozaa mvinyo wa Pinotage

MWAKA 1925 katika mji wa Stellenbosch, Afrika Kusini, profesa mmoja alipanda mbegu nne za zabibu katika bustani ya nyumba aliyokuwa akiishi.

Hakuzipeleka kwenye kitalu cha chuo, ambako miche huwekewa alama na kuangaliwa kila siku. Uamuzi huo nusura uipotezee nchi hiyo zao linaloitambulisha leo katika masoko ya mvinyo.

Profesa huyo ni Abraham Izak Perold, aliyezaliwa mwaka 1880 katika eneo la Cape.

Alisoma hisabati, fizikia na kemia Stellenbosch, kisha akaenda Ujerumani ambako alipata shahada ya udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Halle mwaka 1904.

Aliporejea nyumbani, wakulima wa Cape walikuwa bado wakikumbuka hasara ya filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi ya mzabibu hadi mmea kufa. Mdudu huyo aligunduliwa Cape mwaka 1886, na mashamba mengi yalilazimika kupandwa upya kwa kubebesha mizabibu juu ya mashina ya asili ya Marekani, yanayomvumilia.

Serikali ilimtuma Perold ng'ambo kutafuta aina nyingine za zabibu. Alirudi na aina 177.

Miongoni mwake ilikuwamo Barlinka kutoka Algeria, zabibu nyeusi ya kula ambayo haiharibiki upesi. Kwa sababu hiyo iliweza kusafirishwa kwa meli hadi Ulaya, ikawaingizia wakulima wa Cape fedha kwa miaka mingi.

Mwaka 1917 Perold akawa profesa wa kwanza wa kilimo cha zabibu Stellenbosch.

Kuchanganya mbegu

Mashamba ya Stellenbosch yaliyo karibu na ghuba ya False Bay hupozwa na upepo wa baharini wakati wa kiangazi. Hali hiyo huzifanya zabibu ziive polepole bila kupoteza uchachu unaohitajika katika mvinyo.

Hata hivyo, Pinot noir, zabibu maarufu ya mvinyo mwekundu kutoka Ufaransa, ilikuwa ikiwasumbua wakulima wa Cape. Ilizaa kidogo na ilikuwa dhaifu kwa magonjwa.

Kwa upande mwingine, Cinsaut, ambayo wakati huo wakulima wa Cape waliiita Hermitage, ilikuwa ngumu na yenye mavuno mengi, lakini mvinyo wake haukusifika sana.

Perold alichukua chavua ya moja akaitia kwenye maua ya nyingine. Kwa kawaida mzabibu huoteshwa kwa vipande vya tawi ili ufanane na mama yake, lakini mche wa mbegu huwa mmea mpya kabisa. Jaribio lake lilitoa mbegu nne tu.

Bustani yageuka pori

Miaka michache baadaye Perold aliacha ualimu na kujiunga na KWV, ushirika wa wakulima wa zabibu wa Cape ulioanzishwa mwaka 1918 ili kuzuia bei isiporomoke kutokana na mvinyo kuzidi mahitaji.

Alihama nyumba na kuiacha miche yake. Nyasi zikaota, na chuo kikatuma vibarua kusafisha bustani.

Kwa bahati, mhadhiri kijana aliyeitwa Charlie Niehaus alikuwa akipita kwa baiskeli. Alikuwa akijua habari za miche ile, akaiokoa na kuipeleka chuo cha kilimo cha Elsenburg.

Huko Profesa C.J. Theron aliibebesha mwaka 1935 kwenye mashina imara. Perold alipomtembelea, alionyeshwa mizabibu hiyo na kufurahi. Mmoja uliofanya vizuri zaidi ukachaguliwa, ukaitwa Pinotage kwa kuunganisha majina ya wazazi wake, Pinot na Hermitage.

Mvinyo wa kwanza wa Pinotage ulitengenezwa Elsenburg mwaka 1941. Perold alifariki dunia mwaka huo huo, kabla mkulima yeyote hajaipanda kwa biashara.

Shamba la kwanza la biashara lilipandwa mwaka 1943 Myrtle Grove, karibu na Sir Lowry's Pass. Mwaka 1959 Pinotage ya shamba la Bellevue iliibuka mshindi katika maonyesho ya mvinyo ya Cape, na mwaka 1961 chupa za Lanzerac zikaingia sokoni zikiwa za kwanza kuandikwa jina hilo.

Hivyo ilichukua miaka 36 tangu mbegu kupandwa hadi mnunuzi kulisoma jina la Pinotage kwenye chupa.

Perold alikuwa na elimu ya kutosha kuzalisha mbegu mpya, lakini kilichoiokoa ni kwamba kuna mtu mwingine aliyejua kilichopandwa pale. Mkulima mwenye mche mzuri anaweza kuuwekea alama, kumweleza jirani na kumpa vipande akapande kwake. Mche unaojulikana na mtu mmoja tu hupotea siku anapohama.