Charles Lindbergh na Safari ya Kuvuka Atlantiki

Siku hizi ndege kubwa ya abiria huruka kutoka New York, Marekani, hadi Paris, Ufaransa, kwa muda wa saa 7 hivi. Umbali wake ni kilometa 5,800 hivi, na sehemu kubwa ya njia ni bahari tupu. Je, wamfahamu rubani wa kwanza aliyesafiri baina ya miji hiyo bila kutua?

Charles Lindbergh alizaliwa Marekani mwaka 1902. Tangu utoto alipenda mitambo, na mwaka 1926 alikuwa rubani wa ndege ya barua. Wakati huo zawadi ya dola 25,000 ilimngoja rubani atakayeunganisha New York na Paris bila kutua. Marubani kadhaa walikwisha kupoteza maisha. Mnamo tarehe 8 Mei 1927 Wafaransa wawili, Nungesser na Coli, waliondoka Paris, wasionekane tena.

Lindbergh alijua kwamba petroli ikimwishia juu ya bahari, atakufa. Kwa hiyo alipiga hesabu kwa uangalifu. Alipakia lita 1,700 hivi za petroli, ambazo uzito wake ulizidi nusu ya uzito wote wa ndege. Kila kitu kizito huongeza matumizi ya petroli. Hivyo aliacha redio na hata mwavuli wa kurukia.

Alihitaji pia njia fupi kuliko zote. Chukua tufe la dunia, uvute uzi kutoka New York hadi Paris. Utaona kwamba uzi unapinda kuelekea kaskazini. Hiyo ndiyo njia aliyoifuata.

Aliondoka New York tarehe 20 Mei 1927, saa 1 na dakika 52 asubuhi, hali usiku wake hakulala. Baharini alikutana na ukungu, na barafu ikaganda juu ya mabawa. Usingizi ulimlemea, lakini hakuwa na msaidizi wa kumpokea usukani. Alitua Paris tarehe 21 Mei, saa 4 na dakika 22 usiku.

Je, safari ilichukua muda gani? Ukihesabu kwa saa za miji hiyo, utapata saa 38 na nusu. Lakini saa za Paris zilikuwa mbele ya zile za New York kwa saa 5. Ondoa saa hizo, utapata muda wa kweli: saa 33 na nusu. Sasa gawanya umbali kwa muda. Utaona kwamba mwendo wake ulikuwa kilometa 173 hivi kwa saa.

Lindbergh alifariki mwaka 1974. Ushujaa peke yake usingalimfikisha Paris. Hesabu sahihi za umbali, mwendo na muda ziliokoa maisha yake.